ΔH, ΔS au ΔG: utumie kipi kujua kama mmenyuko utajiendea?

Jiwe la matumbawe likichomwa tanurini huwa chokaa hai. Chokaa hai ikimwagiwa maji huchemka, hupasuka na kufuka mvuke, kisha hutulia ikawa chokaa iliyozimwa. Ikipakwa ukutani, huivuta kaboni dayoksaidi ya hewani kidogo kidogo mpaka ikarudi kuwa CaCO₃ ileile iliyotoka baharini. Mafundi wa Pwani wameijua kazi hii kwa karne nyingi. Kwa mwanafunzi wa kemia ina faida nyingine: mimenyuko yake mitatu inamuumbua kila anayetegemea kipimo kimoja kati ya ΔH (badiliko la enthalpi, yaani joto), ΔS (badiliko la entropi, yaani namna chembe na nishati zinavyoweza kujipanga) na ΔG (badiliko la nishati huru ya Gibbs, inayounganisha hivyo viwili). Wa kwanza unakula joto, na bado unatokea. Wa pili unapunguza entropi, na unatokea kwa kishindo. Wa tatu una ΔG hasi bila ubishi, lakini huchukua miezi na hata miaka.

Basi tuvilinganishe vipimo vitatu kwa kutumia chokaa. Kwanza tuelewane juu ya neno "kujiendea". Mmenyuko unaojiendea ni ule ambao, katika jotoridi na shinikizo lililotajwa, una mwelekeo wa kwenda mbele bila kusukumwa na kazi kutoka nje. Haimaanishi kwamba hautoi wala haupokei joto, na haimaanishi kwamba una haraka.

Namba zenyewe hizi hapa, kwa moli moja, maji yakiwa kimiminika (kiduara ° ni alama ya hali sanifu, tutaieleza mbele):

| Mmenyuko | ΔH° (kJ) | ΔS° (J/K) | ΔG° kwa 298 K (kJ) |
|---|---|---|---|
| Kuchoma: CaCO₃ → CaO + CO₂ | +178.3 | +160.6 | +130.4 |
| Kuzima: CaO + H₂O → Ca(OH)₂ | −65.2 | −26.3 | −57.4 |
| Kukaukia ukutani: Ca(OH)₂ + CO₂ → CaCO₃ + H₂O | −113.1 | −134.3 | −73.1 |

Jumlisha kila safu kwenda chini. ΔH inatoa sifuri, ΔS inatoa sifuri, ΔG inatoa −0.1, na hiyo 0.1 ni ya kukadiria desimali tu. Jiwe limezunguka na kurudi lilikoanzia, na vipimo hivi vyote vinajali mwanzo na mwisho, si njia. Ukikokotoa mzunguko wa namna hii ukapata jumla iliyo mbali na sifuri, kuna namba uliyoinakili vibaya kwenye jedwali. Ni kinga nzuri kuliko kurudia hesabu mara tatu kwa macho yaleyale.

ΔH: mhasibu hodari, hakimu dhaifu

Enthalpi inajibu swali moja kwa usahihi: joto kiasi gani linaingia au linatoka wakati shinikizo halibadiliki. Kama swali lako ni la kuni, gesi ya kupikia, chakula au kifuko cha kupoza jeraha, chagua ΔH na usihangaike na vingine. Kwa chokaa, kilo moja ya CaO inahitaji kJ 178.3 ÷ kg 0.0561, yaani takribani megajuli 3.2. Kuni kavu hutoa kama megajuli 15 hadi 17 kwa kilo. Kwa karatasi, basi, kilo ya chokaa ingetosheka na gramu 200 za kuni. Tanuri la wazi hula nyingi zaidi, kwa sababu hapo hujahesabu joto la kulipasha jiwe lenyewe, la kukausha unyevu, na lile linalopaa na moshi. ΔH inakupa kiwango ambacho huwezi kushuka chini yake, na kwa mhandisi hilo ni jambo kubwa.

Kosa ni kuipa kazi ya kuhukumu. Katika karne ya 19 Julius Thomsen wa Denmark na Marcellin Berthelot wa Ufaransa walishikilia kwamba mmenyuko unaojiendea ni ule unaotoa joto. Hawakuwa wajinga, katika jotoridi la kawaida kanuni yao inapatia mara nyingi. Sababu ni ya kihesabu: kwa 298 K, badiliko la entropi la J/K 100 lina uzito wa kJ 30 tu, ilhali ΔH ya mimenyuko mingi ni mamia ya kilojuli. Chukua seli ya zinki na shaba: ΔH° ni takribani −219 kJ na ΔG° ni −212 kJ. Tofauti ni ndogo, na hakimu mbovu anaonekana mzuri.

Anaumbuka pale ΔH inapokuwa ndogo au jotoridi linapokuwa kubwa. Ushahidi unapatikana kwenye duka lolote la pembejeo. Pima gramu 20 za mbolea ya urea, weka kwenye kikombe cha plastiki chenye mililita 100 za maji yaliyokaa chumbani, koroga kwa kipimajoto kilichoshikiliwa kisiguse kitako. Jotoridi litashuka kwa nyuzi kama 9 au 10. Mmenyuko unakula joto, takribani kJ 15 kwa moli, na hakuna aliyeusukuma. Ukipata nyuzi 4 au 5 tu, ama urea ilikuwa imevuta unyevu, ama umetumia glasi nene inayolipa maji joto lake, ama umekoroga polepole mno na joto la chumba likapenya. Vikombe viwili vya plastiki, kimoja ndani ya kingine, vinatibu hilo la kati.

ΔS: anajua mwelekeo, lakini anaona nusu ya uwanja

Jina entropi lilibuniwa na Rudolf Clausius mwaka 1865. Vitabu vingi vya shule huieleza kuwa "vurugu", na maelezo hayo yanafika mbali kiasi chake. Ni salama zaidi kuifikiria kama idadi ya namna ambazo chembe na nishati zinaweza kujipanga. Gesi ina namna nyingi kupita kiasi, kimiminika kina chache, mango ina chache zaidi. Ndiyo maana CO₂ ina entropi ya J/K 213.7 kwa moli na CaO ina 39.8 tu.

Hapo ndipo faida ya kwanza ya ΔS inapotoka: ishara yake unaweza kuibashiri bila jedwali. Hesabu moli za gesi kulia, toa za kushoto. Zikiongezeka, ΔS ni chanya. Zikipungua, ni hasi. Na kila moli ya gesi ina uzito wa kama J/K 120 hadi 180. Kuchoma chokaa kunazaa moli moja ya gesi: +160.6. Ukutani moli moja ya gesi inamezwa: −134.3. Zikiwa sawa pande zote, usibashiri, kokotoa.

Mahali pa kutobashiri kabisa ni kuyeyuka kwa chumvi majini. Watu husema "mango imekuwa mchanganyiko, kwa hiyo vurugu imeongezeka". Kwa urea ni kweli. Kwa CaCl₂ ni uongo: ΔS° yake ya kuyeyuka ni takribani −45 J/K, kwa sababu ayoni ya Ca²⁺ ni ndogo, ina chaji mbili, na inazifunga molekuli za maji kuizunguka. Maji yanapoteza uhuru mwingi kuliko ule ambao chumvi imeupata.

Je, ΔS peke yake inatosha kuhukumu? Inatosha katika hali moja: pale ambapo mfumo (vitu vinavyomenyuka) haupeani joto na mazingira. Moli moja ya naitrojeni na moja ya agoni zikiachiwa zichanganyike katika jotoridi lilelile, ΔH ni sifuri kivitendo na ΔS ni +11.5 J/K. Imetosha, zitachanganyika. Kwingine kote, ΔS ya mfumo ni nusu ya hadithi. Kuzima chokaa kuna ΔS ya −26.3, na mwenye kuitegemea angesema chokaa hai haiwezi kuzimika. Fundi aliyewahi kuungua mkono anajua zaidi.

Nusu iliyofichika iko kwenye mazingira. kJ 65.2 zinazotoka zinaingia hewani na kwenye pipa, na kuziongezea entropi ya 65,200 ÷ 298, yaani +218.8 J/K. Jumlisha na −26.3 ya mfumo: +192.5 J/K. Ulimwengu umepata faida, mmenyuko unajiendea. Sasa zidisha 192.5 kwa 298: unapata kJ 57.4. Rudi kwenye jedwali uitazame ΔG° ya kuzima.

ΔG: hakimu, mradi umpe masharti yake

Kufanana huko si bahati. Josiah Willard Gibbs wa Marekani, katika kazi aliyoichapisha kati ya 1876 na 1878, aliunganisha mizani zote mbili kwenye herufi moja ili tusihitaji kuyapima mazingira:

ΔG = ΔH − TΔS

ΔG hasi ni entropi ya ulimwengu inayoongezeka, imeandikwa kwa kutumia vitu vya ndani ya mfumo tu. Masharti ni mawili: jotoridi halibadiliki, na shinikizo halibadiliki. Kwenye chombo kigumu kilichofungwa kabisa, ambamo shinikizo linapanda, ΔG si hakimu tena.

Ukichagua ΔG, mchezo wote uko kwenye ishara za ΔH na ΔS. ΔH hasi na ΔS chanya: inajiendea katika jotoridi lolote, kama haidrojeni peroksaidi inavyovunjika kuwa maji na oksijeni. ΔH chanya na ΔS hasi: haijiendei kamwe, kama oksijeni kujigeuza ozoni, huko juu angani inasukumwa na mwanga wa jua. Hali hizi mbili hazina utamu. Utamu uko pale ishara zinapolingana, maana hapo jotoridi ndilo linaloamua, na unaweza kulitafuta kwa T = ΔH ÷ ΔS.

Kwa kuchoma: 178,300 ÷ 160.6 = 1110 K, yaani nyuzi 837 za Selsiasi. Juu ya hapo ΔG° ni hasi. Matanuri huendeshwa kati ya nyuzi 900 na 1,100 hivi. Ziada hiyo inatakiwa kwa sababu ΔH na ΔS zenyewe hubadilika kidogo kadiri jotoridi linavyopanda, na kwa sababu joto lazima lipenye hadi kiini cha jiwe. Jiwe kubwa likitolewa mapema hubaki na moyo mbichi, na fundi hulijua kwa uzito: jiwe lililoiva limepoteza gramu 44 katika kila 100.

Mwanafunzi makini atauliza: kama tanuri linaingiza joto, mbona tunasema mmenyuko unajiendea? Kwa sababu tanuri kazi yake ni kushikilia jotoridi tu. Kwa nyuzi 900 joto linatiririka lenyewe kuingia kwenye jiwe, kama linavyotiririka kuingia kwenye barafu iliyoachwa mezani.

Sasa mtego. Tumia T = ΔH ÷ ΔS kwa kuzima: 65,200 ÷ 26.3 = 2,479 K. Je, chokaa iliyozimwa inastahimili nyuzi 2,200? La. Maji huchemka kwa nyuzi 100, na namba tulizotumia ni za maji ya kimiminika. Weka mvuke: ΔH° inakuwa −109.2 kJ, ΔS° inakuwa −145.2 J/K, na jotoridi la kugeuka linashuka hadi 752 K, nyuzi 479. Maabara huonyesha kwamba Ca(OH)₂ huachia maji yake kidogo juu ya nyuzi 500. Makadirio ya pili yanaheshimika, ya kwanza ni upuuzi. Kabla ya kuamini jotoridi lolote ulilolipata kwa njia hii, uliza kama kuna kitu kwenye mlinganyo ambacho kingekuwa kimeyeyuka au kuchemka kabla ya kufika huko.

ΔG au ΔG°? Kiduara kidogo chenye kazi kubwa

Tofauti hii inawaangusha wengi kuliko zote, kwa hiyo tukae hapa kidogo. ΔG° inadhani kila gesi iko kwa shinikizo la baa 1 na kila kilichoyeyuka kina moli 1 kwa lita. Hali halisi hupatikana kwa ΔG = ΔG° + RT ln Q, ambapo R ni 8.314 J/K kwa moli na Q ni uwiano wa mazao kwa vitendanishi kama vilivyo wakati huo.

Hewa ina CO₂ kama baa 0.0004 tu. Kwa ukuta wetu: −73.1 + 2.48 × ln(1 ÷ 0.0004) = −73.1 + 19.4 = −53.7 kJ. Bado hasi, ukuta utakuwa jiwe. Kwa tanuri, upungufu huohuo unasaidia. Kwa 800 K, nyuzi 527, ΔG° ya kuchoma bado ni +49.8 kJ, na shinikizo la CO₂ linaloweza kusimama juu ya jiwe ni kama baa 0.0006. Ni dogo, lakini limeizidi hewa ya kawaida. Upepo ukiwa unapita, jiwe lina ruhusa ya kuanza kuvunjika nyuzi 300 kabla ya ile 837. Ndiyo maana tanuri lisilopitisha hewa, ambamo CO₂ imejikusanya, huivisha chokaa vibaya hata kuni ziwe nyingi.

Mfano wa upande wa pili ni amonia, mama wa ile urea. N₂ + 3H₂ → 2NH₃ ina ΔH° ya −92.2 kJ na ΔS° ya −198.7 J/K, inageuka kwa 464 K, nyuzi 191. Viwanda vinaiendesha kwa nyuzi 400 hadi 500, ambako ΔG° ni chanya kwa makumi ya kilojuli. Wanafanya hivyo kwa sababu nyuzi 191 ni baridi mno kwa kichocheo cha chuma, na wanafidia kwa shinikizo la mara 150 hadi 250 la hewa ya kawaida na kwa kuitoa amonia kila inapotengenezwa. ΔG° chanya haisemi "hakuna zao". Inasema msawazo (hali ambapo mmenyuko unaenda na kurudi kwa kasi sawa) utaegemea upande wa kushoto, ukipewa nafasi ya kutulia.

Njia ya kuipata ΔG: ipi uchague

Ukiwa na jedwali la ΔG° za kuundwa na swali ni la 298 K, toa za vitendanishi kwenye za mazao, umemaliza. Jedwali hilo halifai kwa jotoridi jingine. Huwezi kuchukua +130.4 ukaipeleka kwa nyuzi 900. Jotoridi likibadilika, tumia ΔH − TΔS, hakuna mjadala. Ukiwa na kipimo cha msawazo, tumia ΔG° = −RT ln K, ambapo K ni thamani ya Q msawazo ukishafikiwa. Ukiwa na voltimita na mmenyuko unaopitisha elektroni, ΔG° = −nFE° ndiyo sahihi kuliko zote kwa vifaa vya shule: volti 1.10 (E°) za seli ya zinki na shaba, elektroni 2 (n), na 96,485 (F, chaji ya moli moja ya elektroni kwa kulombu) zinatoa −212 kJ bila kugusa kipimajoto.

Makosa yanayoharibu hesabu hizi ni yaleyale kila mwaka. Kubwa ni kuchanganya kilojuli na juli: 178.3 − 298 × 160.6 inatoa karibu −47,700, na mtu anaandika kwamba jiwe la chokaa huvunjika rafuni. Gawanya ΔS kwa 1,000 kabla ya kitu kingine chochote. Kuweka 25 badala ya 298 ni hatari zaidi kwa sababu halionekani: unapata +174.3, ishara ni ileile, na unapita bila kushtuka. Elementi zina ΔH° ya kuundwa sifuri, lakini entropi yake si sifuri. O₂ ina 205.1. Maji ni −285.8 yakiwa kimiminika na −241.8 yakiwa mvuke. Na kitufe cha "ln" kwenye kikokotoo si "log". Ukitumia log, zidisha kwa 2.303.

Swali ambalo hakuna kati yao anayelijibu

Kasi. Almasi ya Mwadui, kwa ΔG° ya −2.9 kJ kwa moli, ingepaswa kuwa grafaiti, na hakuna mwenye pete anayekosa usingizi. Kuzima chokaa na kukauka kwake vina ΔG° zinazokaribiana, −57.4 na −73.1. Kimoja huisha kwa dakika chache, kingine huenda kutoka uso wa ukuta kuingia ndani kwa miezi, kwa sababu CO₂ ni haba hewani, lazima ipenye kwenye vitundu vya lipu, na inahitaji unyevu kiasi: lipu iliyokauka kabisa haiendelei, iliyolowa chapachapa imeziba vitundu. Hapa mwenye ΔG hasi zaidi ndiye anayechelewa.

Ukitaka kujua mmenyuko huo umefika wapi, weka kalamu chini. Vunja kipande cha lipu, nyunyizia fenolfthaleini (kiashiria kinachogeuka waridi kwenye alkali) pale palipovunjika. Panapogeuka waridi bado ni Ca(OH)₂. Pasipobadilika rangi, pameshakuwa jiwe.